Faili ya Kwanza: Hotuba ya Kufungua Warsha ya Sayansi ya Anga za Juu

Ndugu washiriki, wakufunzi wenzangu, nanyi mliogharimia safari zetu hizi, karibuni.

Najua kuna walioingia usiku wa manane baada ya kubadilisha ndege mara tatu, na kuna ambao viza zao zilitoka siku moja kabla ya safari. Yupo mwenzenu mmoja ambaye kiti chake kiko wazi pale mstari wa pili, kwa sababu viza yake haikutoka kabisa. Jina lake tumeliacha kwenye orodha na masomo yote atatumiwa. Kwa hiyo pongezi nitaziweka akiba kwanza. Naomba nianze na satelaiti.

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, pwani ya Kenya, roketi ya Scout iliruka ikiwa imebeba chombo cha kilo 140 hivi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano na chombo kilikuwa cha NASA. Pale palichaguliwa kwa sababu ukirushia karibu na ikweta unapata msukumo wa ziada kutokana na mzunguko wa dunia, na chombo kinachozunguka juu ya ikweta hakipiti sana katika maeneo yenye chembe zinazovuruga vipimo. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba tangu ijitawale, ndipo chombo kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kabla yake watu walitumia roketi ndogo zilizopanda juu ya angahewa, zikaona eksirei kwa dakika chache, zikaanguka. Uhuru ilizunguka dunia zaidi ya miaka miwili, ikapekua anga lote, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Hadi leo vyanzo hivyo huitwa kwa namba zinazoanza na 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2002.

Kila ninapokutana na 4U katika makala, nasikia neno la Kiswahili likitajwa kila pembe ya dunia na watu ambao wengi wao hawajui ni la lugha gani. Halafu narudi kwenye makala za mwanzo zenyewe na kutazama majina ya waandishi. Chombo kilipaa kutoka bahari ile, data ikaenda kuchambuliwa Massachusetts, Marekani. Sisemi hivi kwa kinyongo. Wakati ule data ilikaa kwenye kanda, kanda zilikaa maabara, na asiyekuwa ndani ya maabara hakuwa na pa kuingilia.

Leo mambo yamegeuka kiasi ambacho tumeshakizoea hata hatukioni. Darubini ya XMM-Newton ya Ulaya ilirushwa Desemba 1999, na Chandra ya Marekani Julai mwaka huohuo. Anayeomba kutazama nyota fulani kwa XMM-Newton huachiwa data yake kwa mwaka mmoja, kisha hufunguliwa kwa yeyote mwenye intaneti. Gaia, chombo kilichopima mahali pa nyota na mienendo yake, hata mwaka huo wa kusubiri hakikuwa nao: toleo la Juni 2022, lenye vyanzo karibu bilioni 1.8, lilifunguliwa kwa dunia nzima siku moja. Picha za Landsat, satelaiti za Marekani zinazopiga picha uso wa dunia, ni bure tangu 2008. Na darubini ya Hubble imefika mahali ambapo makala zinazotokana na data ya akiba ni nyingi kuliko zinazoandikwa na wale walioiomba kwanza. Hebu tafakarini hilo. Ugunduzi mwingi uko ndani ya faili ambazo mtu mwingine alishazifungua, akachukua alichokitafuta, akaziacha.

Kwa maandishi, basi, mtafiti wa chuo chenye wahadhiri wawili wa fizikia ana data ileile aliyonayo profesa wa Cambridge. Lakini data kufunguliwa ni jambo moja, mtu kuifungua ni jingine, na umbali ulio kati ya hayo mawili ndio uliotuleta hapa.

Nitawaeleza jinsi nilivyoupima umbali huo mwenyewe.

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili nilipakua faili moja ya XMM-Newton. Ilichukua usiku kadhaa, maana mtandao wa idara ulikuwa na nafuu baada ya saa sita usiku tu. Faili yenyewe ni jedwali refu sana. Kila mstari ni fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, na mbele yake pameandikwa wakati ilipogonga kitambuzi, mahali ilipogonga, na nishati yake. Nikachora grafu ya mwanga kwa kufuata wakati. Nyota yangu ilikuwa imetulia, mara inang'aa mara kumi zaidi, inatulia, inang'aa tena. Nilikesha na grafu ile miezi minne. Nilisoma kila nilichokipata kuhusu nyota zinazolipuka. Nikaandika na rasimu ya makala.

Mwaka uliofuata nikachaguliwa kwenda kwenye warsha kama hii. Siku ya pili mkufunzi mmoja, mama wa makamo aliyefanya kazi miaka mingi na timu ya darubini ile, alisimama nyuma yangu akatazama kioo cha kompyuta. Akaniuliza, "Umechora na eneo tupu lililo pembeni ya nyota?" Sikuwa nimechora. Tukachora pamoja. Eneo tupu nalo lilikuwa linang'aa, kwa dakika zilezile, kwa umbo lilelile. Akanieleza kwamba kuna protoni za nishati ndogo zinazotangatanga katika sumaku ya dunia. Vioo vya darubini huzikusanya kama vinavyokusanya eksirei, na kitambuzi huzihesabu kana kwamba zimetoka kwenye nyota. Kila anayetumia darubini ile huanza kazi kwa kuzikata dakika hizo. Jambo lenyewe lilikuwa limeandikwa, tena kwa kirefu, katika waraka ambao sikujua kwamba upo, na katika idara yangu hakuwapo mtu wa kuniambia kwamba upo.

Mimi miezi minne, yeye dakika tano.

Hakunilaumu. Alivuta kiti akaketi, akasema, "Haya, sasa tuone nyota yenyewe inafanya nini." Nyota yenyewe ilikuwa na lake, dogo lakini la kweli, na hilo ndilo lililokuwa makala yangu ya kwanza.

Nimelisimulia hili mbele ya wafadhili mara nyingi, na bado nalisimulia, kwa kuwa linaonyesha ni kitu gani hasa kinachokosekana huko tutokako. Akili tunayo. Siku hizi hata kompyuta ndogo ya mkononi inatosha kwa kazi nyingi za namna hii. Programu za kuchambua data hutolewa bure na mashirika yaleyale yanayorusha satelaiti. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi pembeni yako. Uchambuzi wa data ya anga una nadharia yake vitabuni, lakini sehemu yake kubwa ni ufundi, na ufundi huhama kutoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine. Eneo la kulinganishia ulichagulie wapi? Nukta ile iliyojitenga peke yake ni ugunduzi au ni kitambuzi kimechoka? Utaacha lini kubembeleza modeli na kukubali kwamba haifai? Mwanafunzi wa maabara kubwa huyapata haya akiwa anakunywa chai na wenzake, bila hata kujua kwamba anafundishwa. Mwingine anaweza kumaliza shahada ya uzamivu bila kuyasikia.

COSPAR, yaani Kamati ya Utafiti wa Anga za Juu, iliyoundwa mwaka 1958, ililiona pengo hili. Mwaka 2001 ikaanzisha mpango wake wa kujenga uwezo, na warsha ya kwanza ikafanyika Brazili. Utaratibu uliowekwa wakati ule ndio tunaoufuata kwa sehemu kubwa hata leo: wiki mbili, washiriki wapatao thelathini wa eneo moja la dunia, wakufunzi wanaotoka kwenye timu za satelaiti zenyewe, na data halisi tangu siku za mwanzo. Asubuhi ni somo, mchana na jioni ni kazi ya mikono, na siku ya mwisho kila mmoja anasimama na kueleza alichokipata. Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo. Sijaona njia nyingine inayompeleka mtu mbali hivyo ndani ya siku chache hivyo.

Haikuwa juhudi ya kwanza, na tuwape heshima yao waliotangulia. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulianza shule zake za wanaastronomia vijana mwaka 1967. Mwaka huohuo ulitiwa saini Mkataba wa Anga za Juu, ambao kifungu chake cha kwanza kinasema uchunguzi wa anga ufanywe kwa faida ya nchi zote, bila kujali zimefikia kiwango gani cha uchumi au sayansi. Umoja wa Mataifa ukaunda programu yake ya matumizi ya anga mwaka 1971, na mwaka 1991 ukaanza, pamoja na shirika la anga la Ulaya, mfululizo wa warsha za sayansi ya msingi ya anga. Ya kwanza ilikuwa Bangalore. Vituo vya kikanda vya kufundishia vikafuata India, Morocco, Nigeria na kwingineko.

Lakini mtu ninayetaka mkae naye kidogo asubuhi hii ni Abdus Salam.

Salam alikuwa Mpakistani, mwanafizikia aliyesoma Cambridge. Mwaka 1951 alirudi nyumbani kufundisha Lahore, akiwa na ari ya kujenga kituo cha utafiti. Alikuta hakuna majarida mapya, hakuna wa kujadiliana naye, wala hakuna aliyetazamia kwamba mwalimu afanye utafiti. Mkuu wa chuo alimtaka achukue kazi ya ziada, na kazi aliyoichukua ikawa ya kusimamia timu ya kandanda. Alivumilia miaka mitatu. Mwaka 1954 akarejea Uingereza. Kwake halikuwa jambo jepesi. Alisema wazi baadaye kwamba alilazimika kuchagua kati ya fizikia na nchi yake, na kwamba hakutaka mwingine asukumwe kwenye uchaguzi huo.

Mwaka 1964 akafungua kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia. Kituo hicho leo kina jina lake, na mwaka 1979 yeye mwenyewe alishiriki Tuzo ya Nobeli. Kati ya yote aliyoyaanzisha pale, moja linanigusa kila mara: mpango wa washirika. Mtafiti wa nchi inayoendelea hakuambiwa ahamie Trieste. Aliambiwa abaki chuoni kwake, afundishe wanafunzi wake, ila kwa miaka kadhaa awe na haki ya kuja kukaa wiki au miezi michache, asome, ajadiliane, arudi. Kazi ya mpango ule ilikuwa kumtoa mtu kwenye upweke bila kumtoa kwake.

Salam alikuwa ameelewa ugonjwa wenyewe. Mtafiti aliye peke yake hunyauka polepole. Haachi sayansi siku moja. Kwanza anakosa makala mpya, halafu anakosa swali jipya, halafu vipindi vya kufundisha vinajaa hadi Ijumaa jioni, na baada ya miaka mitano unamkuta anasahihisha mitihani tu, na cheti cha warsha kinaning'inia ukutani nyuma yake. Nimewatembelea watu wa namna hiyo. Baadhi yao walikuwa hodari kuliko mimi.

Ndiyo maana nina neno kwa ndugu zetu wafadhili na waandaaji, nami ni mmojawapo wa waandaaji. Tunapenda kuhesabu washiriki: mwaka huu thelathini, tangu tuanze mia kadhaa. Tunapiga picha ya pamoja kwenye ngazi. Naomba tuhesabu kingine. Tuhesabu, miaka mitatu baadaye, ni wangapi bado wanafungua data. Tukipewa fedha za warsha mbili, mimi ningefanya moja, na fedha za pili zikawafuate walewale makwao: safari ya wiki chache kwenye maabara ya mkufunzi wake, diski yenye data kwa yule ambaye mtandao wake hauwezi kupakua, ada ya mkutano atakapokuwa na matokeo ya kueleza. COSPAR ina mpango wa kuwarudisha waliohitimu warsha kwenye maabara kubwa kwa muda mfupi, na matunda yake nimeyaona kwa macho. Upanuliwe. Na tunapochagua washiriki, tuache kupokea kila mwaka barua kutoka vyuo vilevile vinne kwa sababu tu wakuu wake wanajua kuandika barua nzuri. Msichana wa chuo cha mkoani anayejifunza kuandika programu kwa kompyuta ya kuazima ana haki ya kiti hiki kuliko mtu anayekuja warsha ya tano.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, na hapa nataka vijana wangu muinue vichwa. Mara nyingi tunazungumza kana kwamba sayansi ya anga iko kwa wengine, nasi tumekuja kugawiwa. Sehemu yake mojawapo iko juu ya vichwa vyetu, na kwao haipo.

Katika sehemu ya juu ya angahewa, kuanzia kilomita 60 hivi na kupanda hadi mamia ya kilomita, kuna tabaka liitwalo ionosfia, ambamo mwanga wa jua umezing'oa elektroni kutoka kwenye atomi. Ishara za satelaiti za kuonyesha mahali, hizi zinazoongoza ndege na simu zetu, hupita ndani yake na kucheleweshwa. Sasa, kwenye ikweta ya sumaku, ambako mistari ya sumaku ya dunia imelala sawia na ardhi, ionosfia ina tabia ambazo huzipati London wala Tokyo. Mchana, mkondo mkali wa umeme hutiririka juu ya mstari huo. Elektroni huinuliwa juu, kisha huteremka pande zote mbili na kurundikana kwenye vilima viwili, digrii 15 hivi kaskazini na kusini. Jua likizama, sehemu ya chini ya tabaka hufifia upesi huku ya juu ikibaki nzito, na mapovu ya hewa nyepesi huanza kupanda kutoka chini kama mapovu ndani ya maji. Ishara ya satelaiti ikikatiza povu hilo hutetemeka, na mara nyingine hupotea kabisa.

Ikweta hiyo ya sumaku inapita Peru, Nigeria, Ethiopia, kusini mwa India. Anayeishi chini yake ana maabara ya asili ambayo hakuna bajeti inayoweza kuinunua. Modeli nyingi za ionosfia zilikuwa dhaifu zaidi hapohapo, kwa sababu vipokezi vya ardhini vilikuwa vichache. Mtu akiweka kipokezi kimoja kwenye paa la chuo chake na kukitunza vizuri kwa miaka kumi, dunia itamhitaji. Maneno hayo nayasema kwa uzito wote.

India ililiona hilo mapema. Kijiji cha wavuvi cha Thumba kilichaguliwa kuwa kituo cha roketi kwa sababu kiko karibu kabisa na ikweta ya sumaku. Vikram Sarabhai, mwanafizikia aliyeanzisha mpango wa anga wa India, alikwenda kwa askofu, na waumini wakakubali kuliachia kanisa lao la Maria Magdalena. Likawa ofisi na karakana. Kikundi kidogo cha wahandisi vijana kilikuwa kimepelekwa Wallops, Marekani, kujifunza kuunganisha na kurusha roketi. Abdul Kalam, ambaye baadaye alikuwa rais wa India, alikuwa mmoja wao. Tarehe 21 Novemba 1963 wakarusha roketi yao ya kwanza. Roketi yenyewe ilitoka Marekani. Vipande vingine vya vifaa vya miaka ile vilibebwa kwa baiskeli. Na tarehe 23 Agosti 2023, chombo kilichotengenezwa na shirika lililotokana na karakana ile kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba mafunzo ya miezi michache yaliifikisha India mwezini. Kuna miaka sitini ya kazi na fedha katikati yake. Nawaomba mtazame jambo moja tu katika kisa hiki: wale vijana hawakupelekwa mmojammoja kila mtu na lake. Walikwenda kundi, wakijua watarudi wapi na kufanya nini, na waliporudi kazi ilikuwa inawasubiri ndani ya kanisa.

Ghana nayo ilifanya kitu kinachofanana na hicho. Kuntunse, nje ya Accra, kulikuwa na dishi la mita 32 la mawasiliano ya simu ambalo kazi yake iliisha nyaya za baharini zilipofika. Likageuzwa kuwa darubini ya redio, ikazinduliwa mwaka 2017. Vijana walifundishwa kwa ajili ya dishi, na dishi likaandaliwa kwa ajili ya vijana.

Kwa hiyo, ninyi mliokaa mbele yangu. Wakuu wenu wa idara hawapo hapa kunisikia, basi nitawatuma ninyi. Mkirudi, waombeni siku moja kwa wiki isiyo na kipindi. Moja tu. Mwandikieni mkuu barua kabla hamjatoka hapa. Mimi nitaisaini nikihitajika, na wakufunzi hawa nao watasaini. Nimeona siku moja kwa wiki ikiokoa kazi ya utafiti ya mtu mzima.

Msikimbilie kumaliza mradi wenu ndani ya wiki mbili. Mwaka jana na mwaka juzi nimeona washiriki wakichagua nyota rahisi ili siku ya mwisho waonyeshe grafu nzuri. Grafu nzuri ikiisha hapa, imeisha. Chagueni swali gumu kidogo, mwende nalo nyumbani likiwa nusu, pamoja na faili zote na kila amri mliyoiandika. Kazi iliyo nusu itawalazimu kumwandikia mkufunzi wenu mwezi ujao, na yeye ataitazamia barua hiyo.

Tena, ulizeni. Najua tunakotoka wengi wetu tumelelewa kunyamaza mbele ya mwalimu, na kumkatiza mkubwa ni utovu wa adabu. Hapa mwalimu asipoulizwa hajui ameacha nini. Kuuliza si ujinga. Wahenga walilisema hilo kabla ya kuwapo satelaiti. Kiingereza kikikushinda katikati ya sentensi, malizia kwa Kifaransa, kwa Kireno, kwa Kiswahili, kwa kuchora. Katika chumba hiki hakosekani wa kutafsiri. Jambo linalonihuzunisha katika warsha ni mtu aliyekaa na kosa moja dogo kwenye programu yake tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, huku mtu anayelijua yuko mita tatu kutoka kwake.

Na mkirudi, ndani ya mwezi mmoja, kaeni na wanafunzi wenu watatu au wanne muwaonyeshe mlichokiona. Msingoje mfike ubingwa. Yule mama aliyeketi pembeni yangu nilimwuliza, siku ya kuagana, nitamlipaje. Alinijibu kwamba naye aliketiwa.

Tuingie kazini. Kesho saa mbili na nusu asubuhi mtafungua faili ya kwanza, nami nimeichagua mwenyewe. Ni ya chanzo kiitwacho Centaurus X-3. Kwa macho hamtaona kitu; kwa eksirei ni mojawapo ya vinavyong'aa sana. Ni nyota ya nutroni, mzigo unaozidi jua letu uliobanwa ndani ya kilomita ishirini hivi, inayonyonya gesi kutoka kwa mwenzake aliye mkubwa. Kila baada ya siku 2.09 mwenzake hupita mbele yake na mwanga unazimika. Na wakati wote huo yenyewe inajizungusha, ikitupepesea mwanga kama mnara wa bandarini.

Mtakata kwanza dakika za protoni, sasa mnajua kwa nini. Mtachora mwanga kwa kufuata wakati, na grafu itaonekana kama vurugu tupu. Kisha mtaikunja grafu hiyo juu yake yenyewe, kwa vipindi tofauti tofauti, hadi mtakapofika kwenye kipindi kimoja ambapo vurugu yote inajipanga na mapigo yanatokea. Kitakuwa karibu na sekunde 4.8. Mapigo ya aina hiyo yalionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1971, katika nyota hiihii, kwa satelaiti ile ya Uhuru, nao walipata sekunde 4.84.

Ninyi hamtapata 4.84. Mtapata pungufu kidogo, na baadhi yenu mtadhani mmekosea. Msirekebishe. Tangu wakati ule gesi inaendelea kuanguka juu ya nyota ile na kuizungusha kwa kasi zaidi, na tofauti mtakayoiona kwenye vioo vyenu ni mwendo huo wa miaka hamsini. Iandikeni kama ilivyo, kisha mniite nije nione.